Kidole Kimoja

Mkataba wangu unasema mlinzi.
Bastola kiunoni, redio begani,
nikague mikoba, niulize kama kuna silaha.
Miaka sita hapa Butte, Montana,
nimekamata kisu kimoja, cha kumenyea viazi,
na mwenyewe alikuwa amekisahau tangu Krismasi.

Kazi yangu hasa ni kidole.

Walipoliondoa dirisha la Bi. Hanley
(alikuwa na bakuli la peremende na kikohozi,
alijua nani kafiwa kabla hajafungua mdomo)
waliziba kwa ubao, wakapaka rangi ya maziwa,
wakasimamisha mashine mbele yake.
JIHUDUMIE, imeandikwa.
GUSA KIOO KUANZA.

Wanagusa. Kioo hakianzi.
Vidole vya hapa vimefanya kazi:
vya mgodini, vilivyobaki vitatu,
vya mpishi, vilivyoungua mpaka havina alama,
vya Januari, vikavu kama maganda ya kitunguu.
Kioo kinataka kidole laini, chenye unyevu kidogo,
kidole cha mtu asiye na shida ya kuja hapa.
Basi mimi hulamba changu, nikawabonyezea.
Jihudumie, yaani niite mimi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini hiki huvunja foleni ya watu sitini kwa siku.

Jumanne aliingia Verna Kovacich,
theluji mabegani, buti za mwanamume miguuni,
bahasha ya kahawia kaishika kwa mikono miwili
kama sahani ya moto.
Miaka thelathini na mmoja kafua mashuka ya hospitali.
Aligusa mara nne. Kioo kimya.
Nikasogea.

"Namba yako, bibi."
Akazitaja tarakimu tisa bila kupumua,
kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake gizani.
Nikabonyeza.

KARIBU, EMIL.

Tukatazama, wote wawili.
"Ni yake," akasema. "Yangu sijaishika kichwani.
Yake nimeiandika kila mwezi tangu mapafu yake..."
Hakumaliza. Mapafu ya mgodini
hapa hayahitaji kumaliziwa.

EMIL, UMEKUJA KWA SABABU GANI?
Uzee. Ulemavu. Kadi iliyopotea. Mengineyo.
Kifo hakina kitufe.
Nilikitafuta, kana kwamba sijui,
kana kwamba huenda wamekiongeza usiku.

"Nifute, tuanze upya?"
Kitufe cha kufuta ni chekundu, kikubwa,
ndicho pekee kinachomtii kila mtu.
Na ukinyamaza nusu dakika kioo hujifuta chenyewe.
Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane.
"Mengineyo," akasema Verna.

Mashine ikatema karatasi. C 58.
EMIL, TAFADHALI KETI. UTAITWA.
Akaisoma, akacheka kwa pua:
"Keti! Miaka arobaini namwambia hivyo hivyo."

Akakaa karibu na kipasha joto,
bahasha kwenye kiti cha pili.
Mwanamke mwenye mtoto akauliza kama kiti kina mtu.
Verna akafikiri muda mrefu kuliko swali,
kisha akaipakata bahasha.

Saa moja na dakika kumi.
C 58, dirisha la tatu.
Hakuinuka.
Sauti ya mashine ikarudia, safari hii na jina,
ikalitamka vibaya, kama linavyotamkwa na wageni wote.
Watu wakageuka kumtafuta Emil.
Mimi pia, Mungu anisamehe, nilitazama mlangoni.

"Anakuja," akasema Verna,
na zile buti zikaanza kutembea.

Nyuma yangu mtu alikuwa anagonga kioo kwa ufunguo.